Chewa Chumbani kwa Bi Mwanakheri

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina. Si kwa woga, maana kwetu hakuna mtu mwoga, ila watu wake hawapendi kusifiwa hadharani. Ni nchi ya ukarimu. Mkuu wake haitwi rais wala mfalme, anaitwa Mwenyeji Mkuu, na sisi wengine tunaitwa wenyeji wadogo. Mimi ni balozi wa nyumba kumi katika mtaa wetu, yaani mtu wa kuamua ugomvi wa kuku na kupeleka habari za mtaa panapohusika. Kazi haina mshahara. Ina heshima tu, na mke wangu Asumini huniuliza kila mwisho wa mwezi heshima hiyo inapikwa kwa nazi au kwa mafuta.

Bahari tulikuwa nayo. Bado ipo, ukipanda juu ya paa unaiona vizuri, lakini imekodishwa kwa wenzetu wa ng'ambo wenye meli kubwa, kwa muda mrefu kiasi kwamba aliyetia sahihi hatakuwepo wa kuulizwa. Ufukoni ikawekwa seng'enge. Watu wenye midomo wakasema tumeuza bahari, na hao nawajua kwa majina, nimekwisha kuyapeleka. Mbona wenzetu hawakuwa wachoyo? Walipoanza kuvua walitukumbuka. Walituletea zawadi ya vifaranga vya chewa, wamevuliwa papo hapo kwetu, kila kimoja ndani ya mfuko wa nailoni wenye maji, umefungwa utepe mwekundu.

Kwa asiyemjua chewa, ni samaki wa madoadoa mwenye mdomo mpana, anayekaa mahali pamoja akikutazama huku anafungua mdomo na kuufunga. Akiwa mdogo anaenea kwenye kikombe. Akikua anameza kuku mzima bila kutafuna, na anaweza kumshinda uzito mwenye nyumba. Hayo ya kukua wenzetu hawakuyasema, na sisi hatukuuliza. Nani anamuuliza mtu maswali juu ya zawadi yake?

Kifaranga cha kwanza alipewa Mwenyeji Mkuu. Akakiweka katika tangi la kioo ofisini, wakatazamana. Wiki ile ile akahutubia taifa.

"Ndugu zangu wenyeji wadogo," alisema redioni, kwa ile sauti yake ya kutafuna karafuu, "nimekaa na washauri miaka mingi. Wote wanasema, hakuna anayesikiliza. Huyu anasikiliza. Nami nawaambieni ukweli, tukiwa wawili tu, huyu pia husema. Kila asubuhi ananieleza hali ya nchi. Ananiambia ni nzuri. Basi kuanzia leo chewa si kitoweo. Chewa ni Mgeni wa Taifa."

Ikapitishwa Sheria ya Ukarimu. Ilipita upesi kuliko sheria zote, kwa sababu haikuwa na neno ambalo bibi zetu hawakutufundisha. Mgeni hula kwanza. Mgeni hapewi chumba kibovu. Mgeni haulizwi anaondoka lini. Mgeni akisema jambo, habishiwi. Na mgeni sharti anenepe, maana mgeni akikonda aliyeaibika ni mwenyeji wake. Wabunge walipiga makofi, wengine wakatoa machozi kwa jinsi tunavyoenzi mila.

*

Chewa waligawiwa kwa vyeo. Mawaziri walianza, wakafuata makatibu wakuu, wakurugenzi, mpaka zamu ikafika kwa jirani yangu Athmani Kilua, Naibu Mkurugenzi katika Wizara ya Utulivu. Kilua ni mtu mpole, mwembamba, anayevaa tai hata akienda kununua mkaa. Anakaa na mkewe, watoto, na mama yake mzazi, Bi Mwanakheri, ambaye si mpole hata kidogo. Bi Mwanakheri ni mwanamke wa kukuambia shati lako limefifia kabla hujamaliza kumsabahi.

Siku kifaranga kilipoletwa, mtaa mzima tulikwenda kukiona. Kilikaa kwenye tangi dogo mahali pa televisheni. Televisheni ikahamia juu ya friji.

"Ndiye huyu?" Bi Mwanakheri aliuliza. "Huyu kwa ukwaju anamtosha mtu mmoja."

"Mama," Kilua alisema, akatazama mlangoni, "huyu ni mgeni."

"Karibu, mgeni," akasema Bi Mwanakheri, akarudi zake chumbani.

Chumba chake ni kile cha mbele chenye dirisha la barabarani, alichopewa na marehemu mumewe. Ndani mna kitanda cha besera alichoolewa nacho, kile cha nguzo nne na vyuma vya kutundikia chandarua. Kwenye kitanda hicho ndiko alikomzaa Kilua. Dirishani hapo alikuwa akikaa kila asubuhi kuhesabu dhambi za wapita njia, mimi nikiwa mmoja wao.

Basi mgeni akala. Alianza kwa dagaa, akapanda kwa kamba, akafika kwa pweza. Nyumba ya Kilua ilisubiri ashibe ndipo nayo ipakue mchicha. Tangi likabadilishwa, likabadilishwa tena. Mabomba ya mtaa wetu yalikuwa makavu tangu mvua za mwaka juzi, lakini gari la boza lilikuja kila wiki na maji ya chumvi ya mgeni. Watoto waliokimbilia boza na ndoo tuliwafukuza, tukawaeleza kwamba maji yale si ya binadamu. Umeme ukikatika, pampu ya hewa ikizima, mimi nilipiga filimbi na nyumba zote kumi zikaja kwa zamu kuchota maji kwa kata na kuyamimina kutoka juu, kama mtu anayepoza chai, ili mgeni apate pumzi. Tulimmiminia hivyo hata mchana wa sikukuu, tukiwa na kanzu zetu, na nakuapia sijaona umoja kama ule.

Kila mwezi alikuja Afisa Ukarimu wa Kata, Bwana Pantaleo, na futi ya fundi cherehani shingoni. Alimpima mgeni kupitia kioo, urefu na kiuno.

"Amejaa," angesema. "Hongera, Naibu Mkurugenzi."

Na Kilua angeshusha pumzi, maana mtaa wa pili kulikuwa na Mhasibu Mkuu ambaye mgeni wake alikonda. Sasa ni mhasibu wa stoo ya mifagio.

*

Mgeni alipomshinda urefu mtoto wa pili wa Kilua, Bwana Pantaleo alipima, akatikisa kichwa, akabisha ukuta wa sebuleni kwa kidole.

"Nyuma ya ukuta huu kuna nini?"

"Chumba cha mama," alisema Kilua.

"Kina upepo?"

"Kina upepo mzuri," nilijibu mimi, maana ni kazi yangu kujua nyumba za watu.

"Basi mgeni hawezi kugeuka hapa alipo," alisema Bwana Pantaleo. "Mgeni ambaye hawezi kugeuka, hajakaribishwa, amefungwa. Unataka iandikwe kwamba umemfunga Mgeni wa Taifa, Naibu Mkurugenzi?"

Kilua alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaifuta tena. Sitaki kumsingizia, alimpenda mama yake. Lakini alikuwa na watoto wanne na ada zao, na alikuwa ameiona ile stoo ya mifagio.

Mafundi walibomoa ukuta asubuhi moja tu. Chumba kizima kikawa tangi, dirisha la barabarani likazibwa kwa zege. Kile kitanda cha besera hakikupita mlango wa jikoni, kikaegeshwa uani chini ya mabati, na Bi Mwanakheri akatandikiwa godoro jikoni, kati ya gunia la mkaa na ndoo ya barafu ya pweza wa mgeni.

Nilikwenda kumpa pole kama balozi. Nilimkuta ameketi juu ya kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, kanga yake imejaa masizi.

"Bibi, hii ni heshima kwa ukoo," nilimwambia.

"Balozi," alisema, "mimi nimezaa mtoto mmoja tu duniani. Nimemzaa katika chumba kile. Leo naambiwa nimpishe samaki. Naumia, mwanangu. Usiniambie habari za heshima."

Nilitaka kupeleka maneno hayo panapohusika, nikaona mguu unaniuma.

Lakini kuanzia siku ile akabadilika, tukadhani amekubali. Kila asubuhi alikwenda mbele ya kioo, akajifunga kanga vizuri, akamwamkia mgeni. Akamuuliza habari za usingizi. Chewa akafungua mdomo, akaufunga. Bi Mwanakheri akaitikia kwa kichwa, "Hee, ndivyo. Hee." Kilua alifurahi mpaka akanunua tai mpya.

*

Siku ya kipimo ikafika. Bwana Pantaleo alikuwa ameinama na futi yake, mimi nimemshikia mwisho mmoja, Kilua amesimama wima pembeni, ndipo Bi Mwanakheri akaingia na kanga mpya, kajitia hina.

"Bwana afisa," alisema, "umekuja kwa bahati. Mgeni ameaga."

Bwana Pantaleo aliinuka polepole. "Ameaga vipi?"

"Ameaga kama watu wanavyoaga. Ameniambia asubuhi. Amesema anashukuru, amekula vizuri, hana malalamiko na mtu, lakini kwao kuna shughuli na amekaa mno. Anataka kwenda leo."

"Mama," Kilua alisema kwa sauti iliyokauka, "samaki haongei."

Mimi niliitazama dari. Kilua naye alilisikia neno lake mwenyewe likitembea chumbani, akajiziba mdomo kwa tai.

"Nani hasemi?" aliuliza Bi Mwanakheri kwa upole. "Wa Mwenyeji Mkuu husema kila asubuhi, tumesikia wote redioni. Au wa Mwenyeji Mkuu ni wa aina nyingine? Bwana afisa, wewe ndiye mwenye elimu ya jambo hili. Samaki husema, hasemi?"

Bwana Pantaleo alitokwa na jasho mpaka futi ikamganda mkononi. Aliniangalia, nami nikaona afadhali niendelee na dari. "Husema," alisema mwishowe. "Bila shaka husema."

"Na mgeni akisema jambo, hubishiwa?"

"Habishiwi."

"Basi mimi ni nani nimzuie? Mtoto wa watu anataka kwao."

Afisa akatoka uani kupiga simu kwa Waziri wa Utulivu. Tulimsikia akisema "ndiyo mheshimiwa" na "hapana mheshimiwa" na "kwa kinywa chake mwenyewe, mheshimiwa." Waziri, nilivyoambiwa baadaye, alipima kila upande. Akisema mgeni azuiwe, amemfanya mfungwa. Akisema hasemi, amemfanya Mwenyeji Mkuu mwongo. Hatimaye akatoa uamuzi wa kiserikali.

"Asindikizwe," alisema. "Na asiondoke mikono mitupu."

*

Ukitaka kujua watu wetu, watazame wanapomsindikiza mgeni. Chewa alitolewa kwa turubai na wanaume wanane, akatiwa kwenye mkokoteni wa magunia uliotandikwa nailoni na kujazwa maji, akafunikwa kanga mbichi asipigwe na jua. Kina mama wakapiga vigelegele. Asumini wangu alileta halua ya njiani. Mwingine akaleta mkeka. Bendi ya shule ya msingi ikapiga wimbo wa taifa, wakakosea mahali pale pale wanapokosea siku zote. Bi Mwanakheri alitembea ubavuni mwa mkokoteni akimpepea mgeni kwa kipepeo cha ukili, akimsimulia mambo, na nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia, "Wala usinichukie. Hata wewe hukuulizwa."

Kwenye seng'enge ya ufukoni askari alituinulia mkono. "Bahari imefungwa. Ni ya wenye meli."

"Huyu anarudi kwao," alisema Bi Mwanakheri. "Na mgeni akiaga, hazuiwi. Hata Waziri hakumzuia. Wewe je?"

Askari alimtazama Bwana Pantaleo, Bwana Pantaleo akayatazama mawingu. Basi askari akafungua lango, akapiga saluti mkokoteni ulipopita. Wengi wetu hatukuwa tumekanyaga maji yale kwa miaka. Tuliingia mpaka viunoni, wazee kwa vijana, tukijifanya tunamsaidia mgeni. Alipoteremshwa alikaa kidogo miguuni petu, mdomo unafunguka na kufungika, kisha akapiga mkia mara moja akatumwagia maji sote, akaenda. Halua ikamfuata. Ikalowa, ikazama.

Bi Mwanakheri alilala chumbani kwake usiku huo. Maji yalikaushwa, zege la dirishani likavunjwa kwa nyundo, kitanda cha besera kikarudi mahali pake. Asubuhi nilipopita barabarani akaniambia suruali yangu imepinda pindo. Sijawahi kufurahia kutukanwa kiasi kile.

*

Sasa serikali ni serikali, haiwezi kuacha jambo likaisha lenyewe. Waziri alikwenda kwa Mwenyeji Mkuu kwa hofu, akakutana na furaha.

"Mgeni ametoka ameshiba, ameaga kwa adabu, hana malalamiko," alisema Mwenyeji Mkuu. "Ni nyumba ya kwanza nchini kumaliza ugeni salama. Nyumba kama hiyo haiachwi bure."

Godoro la Bi Mwanakheri halijapata joto, Waziri akafika mtaani na magari ya ving'ora. Alisimama juu ya kiti cha Kilua, kiti kikalia.

"Ndugu Kilua," alisema, "taifa limekuona. Kuanzia leo wewe si Naibu, wewe ni Mkurugenzi kamili wa Utulivu. Na kwa kuwa mkono wako ni wa ukarimu, na mama yako ni mama wa taifa, anayejua kuongea na wageni kuliko wataalamu wetu, serikali inakuletea wageni wawili. Wakubwa. Wamekwisha kukomaa."

Watu walipiga makofi. Nilipiga na mimi, mkono una mazoea. Nyuma ya magari nikaona lori lenye matangi mawili, na ndani ya kila tangi jicho moja kubwa linatutazama. Mafundi walikuwa wamekuja nalo lori hilo, nyundo begani.

Nilimtazama Bi Mwanakheri. Nilidhani atatukana. Hakutukana. Alimtazama mwanawe. Alimtazama kwa muda, naye Kilua angeweza kusema neno moja tu pale, mbele ya Waziri, na neno lenyewe si gumu. Akavua miwani akaifuta.

Bi Mwanakheri akaingia ndani, akatoka na kifurushi cha nguo na mto wake, akakatiza katikati ya msafara, akavuka barabara mpaka mlangoni kwangu. Mimi nilikuwa nimekimbilia huko kutafuta maji ya kumpa Waziri.

"Hodi," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye ving'ora.

Mtu akikupigia hodi utasema nini? Nilisema nilivyofundishwa na mama yangu.

"Karibu."

"Nimekuja ugeni," alisema Bi Mwanakheri. Akavua ndara zake akaingia. Nyuma yake nilimwona Bwana Pantaleo amesimama, ameyasikia yote, na kidole chake kinatafuta futi shingoni.

*

Sasa Bi Mwanakheri analala chumbani kwetu, chenye dirisha. Mimi na Asumini tunalala sebuleni. Anakula kwanza. Jana aliagiza kuku wa kupaka, na leo amesema nazi ilikuwa nyepesi. Anaondoka lini sijui, na sheria hainiruhusu kuuliza. Bwana Pantaleo huja kila mwezi, humpima kiuno mchana kweupe. Mara ya mwisho alinipa onyo la mdomo kwamba mgeni wangu haongezeki. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, na mwisho wa mwezi ule hakuniuliza habari za heshima.

Kilua huja jioni akitoka kazini, tai yake shingoni, hukaa ukingoni mwa mkeka. Siku za mwanzo alileta matunda. Juzi alikuja mikono mitupu, amekonda kuliko alivyokuwa.

"Mama," alisema, "rudi nyumbani."

"Chumba changu kina nini ndani?" aliuliza Bi Mwanakheri.

"Maji," alisema Kilua.

"Na sebule?"

Kilua alishika tai yake. Wageni wawili wale wamezidi kukua, naye Bwana Pantaleo amekwisha kubisha ukuta wa pili. "Sebule nayo imekuwa tangi mwezi huu," alisema. "Watoto nimewahamishia jikoni. Mimi na mama yao tuko uani, chini ya mabati, kwenye kitanda chako."

Bi Mwanakheri alimtazama mwanawe, akaacha kutafuna. Nilimwona amemwonea huruma, hasira yote imemtoka usoni. Akamsogezea sahani yake iliyobaki nusu ya kuku.

"Kula," alimwambia. "Kisha kamchukue mkeo na watoto. Pigeni hodi mlangoni hapa mmoja mmoja, kwa sauti, Balozi awasikie."

Nilisimama nikaenda mlangoni kungoja.